Fundi wa Mikia

Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawavuliki. Taa ya mvuvi haiwezi kushindana na ya Mungu, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa huvutwa nchi kavu, nyavu zikaanikwa na kutiwa viraka, na vijana wa kambi wakafua nguo, wakacheza drafti na kukumbushana madeni. Siku hizo, kumi hivi kila mwezi, mwalo wa Nyamkazi hapa Bukoba hunuka lami na vumbi la mbao kuliko unavyonuka samaki. Kwa wavuvi ni likizo isiyo na malipo. Kwa fundi ninayetaka kumsimulia, ndiyo masika yake.

Jina silitaji kwa sababu aliniomba nisilitaje. Anasema akiandikwa, wateja watadhani bei imepanda. Anaishi Ijuganyondo, kata ya Manispaa yetu, katika nyumba iliyozungukwa na migomba, na karakana yake ni paa la bati lililosimamishwa juu ya nguzo nne za mkaratusi. Watoto wa mwaloni wanamwita Tata. Matajiri, maana ziwani mwenye mtumbwi ni tajiri hata kama anadaiwa kila kona, wanamwita Fundi. Mafundi wenzake wanamwita Fundi Mkia, kwa kejeli kidogo, na jina limemkaa: kazi yake karibu yote iko nyuma ya chombo, pale mashine inapofungwa na maji yanapoachana na mbao.

Kwa Kihaya enyondo ni nyundo. Siku ya kwanza nilimuuliza kama jina la kata yake ndilo lililompa kazi.

“Waitu,” akanijibu bila kuinua macho, “nyundo ndicho kitu ninachokitumia kidogo kuliko vyote.”

Nilidhani ni mzaha. Nilikaa naye siku tisa, na nyundo niliiona ikitoka sandukuni mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa mtumbwi wa futi 28, wa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wakavu. Kwa miaka mingi ulisukumwa na mashine ya farasi 15. Mama akapata mashine ya farasi 40 kwa mtu, imetumika lakini inaunguruma vizuri, akaifunga akitarajia vijana wake watafika kwenye maji ya kuvulia mapema na kurudi kabla dagaa hawajaharibika. Badala yake akapata mtumbwi unaosimama kwa mkia kama mbwa anayeomba mfupa, na hesabu ya petroli iliyomfanya asilale. Nahodha wake alieleza tatizo kwa maneno ambayo sijayasahau: “Nikifungua mafuta yote, Musira inapotea.”

Musira ni kisiwa kilichokaa mbele ya mji wa Bukoba, mwamba umeinuka juu ya maji. Huwezi kusimama ufukweni usikione. Kikipotea machoni pa nahodha mchana kweupe, maana yake pua ya mtumbwi imepanda mpaka imekiziba. Na nahodha asiyekiona kisiwa hatauona wavu wa mwenzake, wala gogo linaloelea, wala mtu.

Mpwa wa yule mama alikuwa Mwanza, akaona kwenye boti moja ya kasi vibati viwili vimefungwa kwa bawaba chini ya ubao wa nyuma, kimoja kila upande. Akaambiwa ndivyo vinavyoshusha pua. Akapiga simu. Mama akaja mwaloni na agizo moja tu: Fundi, nifungie vibati.

Fundi akasema sawa. Halafu kwa siku nne hakugusa kibati chochote.

Nieleze kwanza huo mkia wenyewe, maana una historia. Mitumbwi mingi ya mbao tunayoiona ziwani ni ya ukoo wa Sesse, jina lililotoka kwenye visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Ina mkuku chini, ubavu ulioinama kama herufi V, na zamani mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za miti, haikuwa na msumari hata mmoja. Mvumbuzi Stanley alipozunguka ziwa hili mwaka 1875, akagombana na watu wa Bumbire, kisiwa ambacho leo kiko Muleba, vyombo vikubwa vya ziwa vilikuwa vya namna hiyo. Vilichongoka mbele na nyuma, kwa sababu kasia halichagui upande. Mashine ndiyo iliyokuja kuchagua. Mashine inataka ubao bapa wa kuning’inia, kwa hiyo mafundi wakaanza kukata ncha ya nyuma na kupigilia ubao wima. Hata leo wanaohesabu vyombo vya ziwa huvitenganisha: Sesse iliyochongoka pande zote mbili, na Sesse iliyokatwa nyuma.

Mkato huo unaonekana jambo dogo, kama kupunguza suruali. Lakini chombo kilichozaliwa na ncha mbili kimepimwa uzito wake katikati. Ukikikata nyuma umepunguza sehemu ya kuelea palepale unapotaka kuongeza mzigo. Mashine ya farasi 15 ya aina iliyozoeleka huku ni kilo 40 hivi. Ile ya 40 inapita kilo 70. Ongeza nahodha aliyekaa kando yake, ongeza jerikeni la petroli ambalo kwa mazoea huwekwa miguuni mwa nahodha ili mpira wa mafuta ufike, ongeza betri za taa ambazo nazo husogezwa nyuma zisilowane. Mtumbwi umeketi kabla haujaondoka ufukweni.

Siku ya kwanza, basi, Fundi alitaka kuona. Alisema mtumbwi uingizwe majini ukiwa na watu wake wote watano, nyavu, taa, mafuta tele, hata sufuria ya kupikia. Vijana walinung’unika, ni likizo. Akakaa kwenye ubao wa katikati akiwa na chupa ya maji nusu iliyofungwa vizuri, akailaza mbele yake. Pembeni alikuwa amening’iniza timazi, nati nzito kwenye uzi, ikining’inia juu ya kipande cha ubao alichochora mistari kwa penseli. Nahodha akaambiwa aende taratibu mpaka Musira, arudi nusu mwendo, kisha aende tena akiwa amefungua yote. Mimi niliwekwa mbele kabisa, nikaambiwa nisiongee.

Kwenda taratibu, uzi wa timazi ulitulia karibu na mstari wa katikati. Nusu mwendo ukaanza kusogea. Mafuta yalipofunguliwa yote, nati ilikwenda nyuma kama mtu aliyesukumwa, hewa ya chupani ikakimbilia mbele, nami nikajikuta juu angani nikiwatazama wenzangu kwa chini. Fundi aliandika kitu kwenye ganda la sigara. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaunyoosha mkono nyuma, akalivuta jerikeni la mafuta mpaka mbele ya ubao wa katikati, akamwambia kijana mmoja aliyejilaza nyuma ahamie mbele, akaashiria twende tena. Nati ikarudi karibu nusu ya njia.

“Unaona,” alisema tuliposhuka, “hapo hatujanunua kitu.”

Niliwahi kuona kazi za mafundi wengi, na nadhani hapa ndipo ninapompendea huyu. Aliletewa agizo la kuongeza, akaanza kwa kuhamisha. Alinunua mita kadhaa za mpira wa petroli ili jerikeni libaki katikati. Betri akazitengenezea kasha la mbao chini ya ubao wa mbele, kilo zake zote zikaenda kule zinakohitajika. Fundi mwingine angefunga vibati siku hiyohiyo, akalipwa, na vibati vingebeba mzigo ambao haukupaswa kuwepo.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa za mashine. Mashine za kuning’iniza huja na miguu ya urefu tofauti: mguu mfupi hutengenezewa ubao wa nyuma wa inchi 15, mrefu ubao wa inchi 20. Ubao wa mtumbwi huu ulikatwa kwa ajili ya mashine ya zamani, yenye mguu mfupi. Hii mpya ni ya mguu mrefu. Hakuna aliyepima, aliyeuza aliuza, aliyenunua alinunua. Juu ya pangaboi kila mashine ina bapa la chuma lililolala, kazi yake kuzuia pangaboi lisivute hewa kutoka juu, na bapa hilo linatakiwa liwe sawa na sakafu ya chombo au chini yake kidogo sana. Hapa lilikuwa limezama inchi tano nzima. Mguu wote huo wa chuma ulikuwa ukikokotwa majini kama nanga, na mama akilipia petroli.

Akakata kipande cha mvule cha kuinua ubao. Lakini hakukichonga kama tofali. Alichonga na kabari ya kuegemezea mabano ya mashine, nene juu, nyembamba chini. Nilimuuliza kwa nini. Akachukua kiganja chake akakisimamisha wima, akaning’iniza kidole kama mguu wa mashine. Ubao wa nyuma wa boti za kiwandani, alisema, umelalia nyuma kidogo, kwa nyuzi 12 hivi au zaidi, na watengenezaji wa mashine wanalijua hilo. Sesse iliyokatwa mwaloni ina ubao uliosimama wima. Ukiifunga mashine hapo, hata ukirudisha pini kwenye tundu la mwisho, mguu unabaki umeelekea nje, na pangaboi badala ya kusukuma mbele tu linainua pua. Kabari inaulaghai mtumbwi ujione umelala.

Aliichonga kwa randa akitoa maganda membamba kiasi cha kusomea gazeti. Kila baada ya mapito machache alikwenda kuipima, akarudi. Mara kumi na moja; nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mvua ya asubuhi, ile ya kwetu inayotoka ziwani na radi zake kabla watu hawajanywa chai, ilimkuta kwenye safari ya nane. Akafunika kabari kwa koti lake, yeye akalowa.

Baada ya jaribio la tatu Musira ilianza kuonekana, nusu yake ya juu. Fundi akasema sasa kuna kazi ya vibati, na ni kazi ndogo.

Kibati chenyewe hakina siri. Ni bapa lililofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa chini wa ubao wa nyuma, likaendeleza sakafu ya chombo kidogo kwa nyuma. Likiinamishwa nyuzi chache, maji yanayotoka kasi chini ya mtumbwi yanaligonga na kugeuzwa kwenda chini, nayo yakilipiza yanausukuma mkia juu. Mkia ukipanda, pua inashuka. Nguvu hiyo hukua haraka kuliko mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Ndiyo sababu chombo kinachokwenda polepole hakifaidi kitu. Kwake vibati ni mabapa ya kukokota tu. Na ndiyo sababu mtu anayevifunga kwenye mtumbwi wenye mashine ndogo anamwibia tajiri. Hilo Fundi alilisema kwa sauti, wenzake wakisikia.

Madukani ng’ambo huuzwa vikiwa na pampu za umeme na swichi, nahodha anabonyeza tu. Fundi hataki. “Umeme na maji nimewahi kuwasuluhisha,” anasema, “hawakai nyumba moja.” Vyake hurekebishwa kwa rodi yenye nyuzi na nati mbili, ufukweni, kwa spana namba 13.

Bati lilikuwa la chuma cha pua la milimita 3, mabaki aliyoagiza Mwanza, akayakata vipande viwili vya inchi 12 kwa 9. Grenda ilipiga kelele dakika chache, basi. Kilichofuata kilichukua mchana mzima. Alichukua sarafu ya shilingi 200, akaiweka kwenye kila pembe ya kibati, akachora mduara, akazisugua pembe kwa tupa mpaka zikafuata sarafu. Halafu msasa. Halafu akachukua kipande cha wavu mkuukuu wa dagaa, wenye macho madogo kabisa, akakifunga kwenye kidole gumba, akawa anapitisha kidole ukingoni mwa kibati polepole, macho ameyafumba. Uzi ukinasa, anasimama, anatia alama kwa penseli, anachukua tupa. Anarudia. Jua lilishuka akiwa bado anafanya hivyo, na kijana aliyekuwa akimshikia kazi alikwishachoka akaenda kutazama mpira.

Hapa ndipo boti ya starehe na mtumbwi wa kazi vinapoachana. Anayekwenda kutembea na boti yake hajali kama kibati kina pembe kali. Mvuvi ana mamia ya mita za nyavu zinazoshuka na kupanda kando ya chombo, usiku, kwenye mawimbi, na kila kinachochomoza nyuma ni ndoano inayomsubiri. Wavu ukinasa chini ya mkia giza likiwa zito, kuna mtu atakayeinama kuutoa, na anayeinama nyuma ya mtumbwi usiku ndiye tunayemsikia redioni kesho yake. Kidole gumba cha Fundi kilikuwa kinapima jambo hilo.

Asubuhi alipima mahali. Inchi nne kutoka pembeni ili kibati kisichomoze ubavuni. Si chini ya inchi nane kutoka katikati ili maji yanayolifikia pangaboi yasivurugwe. Alilaza ufito ulionyooka chini ya sakafu ya mtumbwi, akauacha utokeze nyuma, akalinganisha kibati nao: mwanzo kiwe sambamba na sakafu, kisitangulie kuinama. Mtumbwi wa Sesse una sakafu iliyoinama pande mbili, kwa hiyo vibati navyo vinakaa kwa mwinamo, kama mbawa za kuku aliyetulia. Alirudi hatua kumi, akachuchumaa, akavitazama kwa jicho moja muda mrefu kiasi kwamba mzee mmoja aliyekuwa akipita alimuuliza kama amepoteza kitu.

Na matundu. Jamani, matundu. Fundi hatoboi ubao halafu akapiga boliti. Anatoboa tundu pana kuliko boliti, anaondoa vumbi, analijaza epoksi, anaiacha ikauke mpaka kesho, kisha anatoboa tena katikati ya ile epoksi tundu la kiasi cha boliti. Boliti haigusi mbao hata kidogo. Imezungukwa na kitu kisichonywa maji. Nilimwambia ni kazi mara mbili. Akanipeleka kwenye mtumbwi mwingine uliolazwa chini ya mti, akaniambia nisukume bisibisi kando ya boliti ya nyuma. Iliingia kama kwenye ndizi iliyoiva.

“Bahari ina chumvi inayokula chuma,” alisema. “Ziwa halina haraka. Linakula mbao.”

Ilikuwa wakati wa kusubiri epoksi ndipo nilipoangalia kwa makini jinsi mtumbwi wote ulivyoundwa: pamba iliyosokomezwa kwenye maungio ya mbao, na juu yake vipande virefu vya bati vilivyokatwa kwenye madebe ya zamani, vimepigiliwa misumari midogo iliyojipanga kama mshono wa cherehani. Kwenye kipande kimoja bado ulisomeka nusu ya jina la mafuta ya kupikia. Huo ni ufundi wa watu wengine, wa zamani zaidi ya Fundi, nao unastahili makala yake.

Chuma na sisi ni habari ndefu, lakini niseme kidogo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu matanuri ya kale ya Wahaya, wakionyesha kuwa watu wa pwani hii ya magharibi ya ziwa walifua chuma chenye kaboni, yaani pua, kwa kupuliza hewa iliyotangulia kupashwa moto, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee waliojenga tena tanuri mbele ya watafiti hao walifanya hivyo kwa kumbukumbu. Nilipomsimulia Fundi, aliuliza swali moja: walitumia mkaa wa mti gani? Sikuwa na jibu la kumridhisha, akaona nimesoma nusunusu.

Umeme haukuchukua muda. Taa za karabai zilizokuwa zikinywa mafuta ya taa na kuvunjika vioo zinapisha taa za LED za betri, na mama huyu alikuwa na seti nzima. Fundi aliweka fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si mbali kule kwenye taa kama wengi wanavyofanya, kwa sababu waya ukichunika katikati ya njia fyuzi iliyo mbali haitajua. Kila waya kabla ya kuingia kwenye kasha aliuacha ushuke kidogo na kupanda tena, kitanzi, ili tone la maji likifuata waya lidondokee pale chini lisiingie ndani. Mpwa wa Mwanza alikuwa ameleta pia kifaa kidogo cha kupima kina na kuonyesha samaki. Kinatuma mlio chini, kinasubiri mwangwi. Ziwa letu lina kina cha kama mita 80 pale palipozidi, na sauti majini huenda karibu mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo jibu kutoka shimo la mwisho kabisa linarudi kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Fundi alikifunga kihisi chake chini, mbali na povu la pangaboi, akakiita sikio. Samaki hakiamini sana. Miamba ya kando ya Musira ndiyo anayotaka kisikie.

Jaketi okozi zilikuwa tatu kwa watu watano. Fundi aliweka spana chini akasema haendelei. Nilifikiri atabishana na mama kuhusu bei, lakini hakukuwa na mabishano. Mama aliondoka akarudi na mbili. Watu wa rika letu hapa Bukoba hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu usawa wa chombo. Tunaijua asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wetu, wakafa 19, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi kama hii.

Siku ya tisa tulikwenda Musira mara nne. Watu walewale watano, mafuta tele, sufuria. Mara ya kwanza vibati vikiwa sambamba na sakafu. Tukarudi, Fundi akaingia majini mpaka kiunoni, akazungusha nati mzunguko mmoja kila upande. Tukaenda. Akarudi majini, mzunguko mmoja tena. Safari ya tatu pua ilishuka kupita kiasi, mtumbwi ukaanza kuyumba kichwa kama ng’ombe mkaidi na maji yakanirukia usoni. Hilo nalo ni kosa, tena baya zaidi kwenye mawimbi ya nyuma, chombo kinaweza kuchoma wimbi na kugeuka. Akarudisha nusu mzunguko. Upande wa kushoto akauongeza kidogo, kwa sababu pangaboi linapozunguka huulalisha mtumbwi upande mmoja, na kwa sababu, alisema bila kucheka, nahodha ni mnene na hukaa upande huohuo.

Safari ya nne uzi wa timazi ulikaa kati ya mistari miwili ya penseli, ukitetemeka tu. Mashine ilibadilika sauti, ikaacha kulalamika. Nahodha alikuwa amekaa, hakusimama. Nilimuuliza kwa ishara anaona nini, akanyoosha kidole mbele: Musira yote, kuanzia majani ya juu mpaka mstari mweupe maji yanapogonga mwamba.

Fundi alipaka rangi nyekundu kwenye nati mahali ziliposimama, ili atakayezigusa ajulikane. Akafunga sanduku.

Mwezi utakuwa mpevu tena, na atakuwepo Nyamkazi. Kama una mtumbwi unaoketi kwa mkia, mpelekee ukiwa na watu wako wote na mafuta yamejaa, vinginevyo atakurudisha nyumbani. Na tafadhali, usiende na vibati ulivyokwisha kununua.